Kusafisha Ruger Charger, na pini yake inayopenda kukimbia

Charger ni bastola ya kampuni ya Kimarekani ya Ruger, nayo ni bunduki yao ya 10/22 iliyofupishwa. 10/22 ilianza kuuzwa mwaka 1964. Bastola hii ilikuja zaidi ya miaka 40 baadaye na mashine ileile na magazini ileile ya kuzunguka ya risasi 10, ila mtutu ni wa inchi 10 na kitako cha begani hakuna. Hapa Marekani usiifunge kitako kwa kujaribu tu: kisheria inageuka bunduki ya mtutu mfupi, na sheria ya mwaka 1934 inataka kibali cha ATF, idara ya serikali inayosimamia silaha, kabla hujagusa bisibisi.

Andaa taulo nene, mswaki wa zamani, vitambaa vya pamba, uzi wa kusafishia mtutu na mafuta kidogo. Risasi zote zipeleke chumba kingine.

Hatua ya 1: chemba, yaani tundu la nyuma ya mtutu ambamo risasi hukaa. Hapa usiwe na haraka. Bolti ya Charger, kile chuma kinachoteleza na kuifunga chemba, haibaki wazi risasi zikiisha. Ukishapiga ya mwisho inajifunga kama kawaida, na ukiitazama kwa nje huwezi kujua kama risasi imo au haimo. Tena ukichomoa magazini, iliyokwisha kuingia chemba inabaki humo humo. Basi toa magazini kwanza, vuta bolti hadi nyuma, ifunge huko, chungulia, kisha gusa mdomo wa chemba kwa ncha ya kidole kidogo. Mimi hurudia hata kama nimeitoa kabatini sasa hivi, na mke wangu amechoka kunicheka.

Hatua ya 2: toa mwili wa bastola kwenye mpini wake. Rudisha bolti mbele bila kugusa triga, ili nyundo ibaki imekokiwa. Fungua skrubu moja iliyo chini, mbele ya magazini. Sasa sukuma kitufe cha sefti kikae katikati, si kulia wala kushoto. Wengi hukwama hapa, wanavuta kwa nguvu wakidhani imeshika kutu. Sefti ikiwa katikati, mwili unanyanyuka wenyewe.

Hatua ya 3: pini. Pini mbili za pembeni zinashikilia nyumba ya triga; zisukume, nyumba itoke. Nyuma kuna pini nene ya kuzuia bolti, nayo haishikwi na kitu chochote: ukiinamisha tu, inadondoka. Yangu ilianguka sakafuni, ikabingirika hadi chini ya friza, nikalala kifudifudi na tochi nusu saa. Taulo ni kwa ajili yake. Ikishatoka, vuta mkono wa kukokia hadi nyuma na unyanyue bolti, huku umeishika springi isikuruke.

Hatua ya 4: safisha. Risasi za .22, ambazo bastola hii hupiga, ni chafu. Masizi na nta hujaa kwenye uso wa bolti na chini ya kile kikucha kinachovuta ganda. Ikianza kukwama kutoa maganda, anza kuangalia hapo. Piga mswaki, futa, weka mafuta tone moja moja. Yakizidi yanashika masizi na kuwa ugali mweusi. Mtutu usiusugue sana: risasi ya madini laini ya risasi haiuharibu, fimbo ya chuma inayokwaruza mdomo wake ndiyo inayoua shabaha. Mwili umezibwa nyuma, kwa hiyo fimbo ingelazimika kuingilia mdomoni. Ndiyo maana napenda uzi, unaouteremsha kutokea chemba. Mwenye Charger ya Takedown, ile inayogawanyika vipande viwili, ana raha: anafunga bolti nyuma, anasukuma kifungio cha mtutu, anazungusha, mtutu unachomoka wote.

PC Charger ni ndugu wa jina tu. Hiyo ni ya milimita 9, imetokana na PC Carbine, na ndani yake ni tofauti. Usiifungue kwa mwongozo huu.

Hatua ya 5: rudisha na ujaribu. Kinyumenyume, nyundo ikiwa imekokiwa, sefti katikati. Skrubu ikaze kwa kiasi. Hakiki chemba tena, elekeza mahali salama, weka sefti, bonyeza triga: isifyatuke. Ondoa sefti, bonyeza: itoe mlio wa “ta”.

Osha mikono kwa sabuni na maji baridi kabla ya kushika chakula, maana masizi yale yana madini ya risasi. Taulo lile nalo lisiingie kwenye nguo za watoto.