Namba za mwaka 44 KK katika kalenda za kale: hatua kwa hatua

Wanafunzi wa historia huniuliza inakuwaje vitabu viwili viutaje mwaka mmoja kwa namba tofauti na vyote viwe sahihi. Tuchukue tukio moja: kuuawa kwa Julius Caesar mjini Roma, 15 Machi 44 KK. Tumia karatasi na penseli. Kikokotoo cha mtandaoni kisichokuuliza mwezi kiache kabisa.

Hatua ya 1: Roma. 754 toa 44, unapata mwaka wa 710 tangu mji kuanzishwa, kwa hesabu ya Varro, mwanazuoni wa Kirumi. Warumi wenyewe kwa kawaida waliutaja mwaka kwa makonsuli wake, yaani viongozi wawili wakuu wa mwaka huo: hapa ni Caesar, kwa mara ya tano, na Marcus Antonius.

Hatua ya 2: mwaka ulianza mwezi gani? Hapa nenda taratibu, maana ndipo wengi wanapokwama. Roma ilianza mwaka Januari. Mwaka wa Olimpiadi wa Wagiriki (Olimpiadi ni kipindi cha miaka minne, kikihesabiwa tangu 776 KK) ulianza karibu Julai, kama mwaka wetu wa bajeti. Kwa hiyo Machi 44 KK imo ndani ya mwaka ulioanza 45 KK, na namba ya kutumia ni 45. 776 toa 45 ni 731. Gawa kwa 4, unapata 182, baki 3. Ongeza 1 kwenye jibu na 1 kwenye baki: Olimpiadi ya 183, mwaka wa 4. Ukitumia 44 utaangukia Olimpiadi ya 184, mwaka wa 1, ambao Caesar hakuufikia.

Hesabu ya miaka ya Seleucus, mmoja wa warithi wa Aleksanda Mkuu, ina mtego zaidi, kwa sababu ina mianzo miwili. Wamakedonia walianzia karibu Oktoba 312 KK, Babeli karibu Aprili 311 KK. Machi yetu ni mwaka wa 268 kwa Wamakedonia (313 toa 45), lakini wa 267 kwa Babeli (312 toa 45). Usiandike namba ya Seleucus bila kusema ni ya nani.

Hatua ya 3: Misri. Mwaka wa 8 wa utawala wa malkia Kleopatra, ulioanza Septemba 45 KK.

Hatua ya 4: sifuri. Baada ya 1 KK huja 1 BK moja kwa moja. Wanaastronomia huweka sifuri katikati, hivyo 44 KK kwao ni −43. Kwa kupima muda napenda njia yao: hadi Augustus, mrithi wa Caesar, anafariki Agosti ya mwaka wa 14 BK, ni 14 toa −43, yaani miaka 57 na miezi, si 58.

Mwezi usipojulikana, andika namba zote mbili, Olimpiadi (Ol.) kisha mwaka wake: Ol. 183.4/184.1.