Jinsi ya kusoma majibu ya damu ya baridi yabisi (rheumatoid arthritis)
Ukishapewa karatasi ya maabara usikimbilie namba iliyowekewa alama, kwanza gawa vipimo mafungu mawili maana watu wanavichanganya na wasiwasi ndo unapoanzia hapo. RF na anti-CCP ni kingamwili, yaani protini za kinga, zinaonyesha kinga yako imegeukia mwili wenyewe. ESR na CRP zinapima uvimbe ulivyowaka sasa hivi, haziwezi kukwambia ni ugonjwa gani, hata nimonia inazipandisha.

Anza na anti-CCP. Mimi ndo naiamini zaidi kwasababu ikitoka pozitivu ni mara chache inakuwa kitu kingine, na inaweza kuwepo kwenye damu miaka kadhaa kabla viungo havijaanza kuuma. RF inapanda pia kwa mwenye TB, homa ya ini C, hata kwa mzee asiye na shida yoyote.

Afu angalia kiwango, sio neno pozitivu tu. Chukua kiwango cha juu kabisa cha kawaida kilichoandikwa pembeni, zidisha mara 3, majibu yakivuka hapo yanahesabika ya juu. Vigezo vya ACR na EULAR (vyama vya wataalamu wa magonjwa ya viungo vya Marekani na Ulaya) vya mwaka 2010 vinatoa pointi 3 kwa hayo, 2 kwa pozitivu isiyovuka hapo, na zikifika 6 kati ya 10 ndo inahesabika baridi yabisi. Sasa piga hesabu: kingamwili 3, CRP au ESR iliyopanda 1, damu yote inaishia 4. Zilizobaki zinatoka kwenye viungo na kama dalili zimefika wiki 6, kwahiyo daktari asiyegusa vidole vyako mwombe avikague. Na kingamwili zote zikitoka negativu huku vidole vinavimba na asubuhi vinakakamaa, usikubali kuambiwa huna kitu, wapo wagonjwa wengi tu wa hivyo.

Ukianza dawa fuatilia CRP na ESR, anti-CCP haina haja kurudia kila kliniki. CRP inabadilika haraka, ESR inajivuta na inapandishwa pia na upungufu wa damu, ujauzito na umri. Angalia kizio kilichoandikwa mbele ya namba, CRP 1 mg/dL ni sawa na 10 mg/L, watu wameshtuka bure kwa hilo.

Ila kama unatumia tocilizumab, dawa mojawapo ya baridi yabisi, hiyo inashusha CRP hata ukiwa na infeksheni, kwahiyo homa ikija nenda hospitali usisubiri namba ipande.