Kumwendea Mshauri Nasaha kwa Mara ya Kwanza

Si lazima usubiri mpaka ushindwe kula au kulala ndipo umwone mshauri nasaha; wapo wanaokwenda kwa sababu tu wanataka kujifahamu, au kuvunja ukimya ulioingia katika ndoa. Kabla ya kwenda, andika kwenye daftari tukio moja lililokusumbua, pamoja na siku na maneno yaliyosemwa, kwa kuwa “Jumanne nilimfokea mwanangu kwa sababu ya kikombe kilichovunjika” humfaa mshauri kuliko “nina msongo wa mawazo”.

Nchini Kenya taaluma hii ina sheria yake ya mwaka 2014, kwa hiyo si utovu wa adabu kumuuliza mtaalamu kuhusu mafunzo na usajili wake. Ulizia pia ada na usiri, ambao una mipaka: maisha yakiwa hatarini, huenda akalazimika kuwahusisha wengine.

Kikao huchukua takriban dakika 50. Usitarajie kuagizwa la kufanya kama afanyavyo shangazi. Mshauri huuliza zaidi. Vikao vitatu vikipita bila kuhisi kwamba unasikilizwa, mweleze waziwazi au utafute mwingine. Mawazo ya kujidhuru yakikujia, usingoje miadi, bali nenda hospitali siku hiyohiyo.