Fungua soketi moja kabla ya kuamua kuvuta waya upya
Nyumba ya zamani, na hujui uvute waya upya au ubadilishe soketi tu? Jaribu testa kwenye soketi yenye umeme, zima meni swichi, jaribu tena. Ikiwa testa haioneshi umeme, chukua bisbisi ufungue soketi ya ukuta unaopigwa na upepo wa bahari, ukunje ncha ya waya taratibu. Mpira ukipukutika kama ganda la karanga, au shaba imeota ukijani, usihangaike na soketi: tafuta fundi mwenye leseni aikague nyumba nzima. Ncha ndiyo huchoka mwanzo, kwani skrubu ikilegea huleta joto, na chumvi hupitia hapo hapo. Ukikuta waya mbili tu, nyekundu na nyeusi, bila ya tatu ya kijani au iliyo tupu, hapo hakuna ethi, yaani waya wa usalama unaopeleka ardhini umeme uliovuja. Fundi tena, hasa kama unataka hita ya maji. Kipimo hiki hudanganya pale fundi aliyetangulia alipounga kipande kipya: ncha inang'aa, maungio ya darini yameungua. Upande wa mita ya Tukuza, ile ya umeme wa kulipia kabla, usiguse kabisa, hapo ni pa ZECO, shirika la umeme la Zanzibar.