Bunduki ya Nyumbani Marekani: Nunua Sefu Kwanza

Mtu aliyekulia Tanzania au Kenya amezoea kwamba raia anayetaka bastola huandika maombi, hueleza sababu, huchunguzwa na vyombo vya usalama, kisha husubiri. Akihamia Texas, Kentucky au Ohio anakuta kazi yote hiyo inaweza kwisha mchana mmoja: anajaza fomu dukani, muuzaji anawasiliana na mfumo wa ukaguzi wa FBI ulioanza kazi mwaka 1998, na mara nyingi jibu linarudi kabla hajamaliza kutazama bidhaa nyingine. Breki ambazo kwetu zimefungwa na serikali, Marekani mnunuzi anatakiwa ajifungie mwenyewe. Ndiyo sababu naanza na mahali silaha itakapolala, kwa kuwa swali hilo likishajibiwa ndilo linaloamua ununue silaha gani, au usinunue kabisa.

Kabla ya kwenda dukani, kaa chini uhesabu watu wanaolala na wanaoingia nyumbani kwako, wote bila kubakiza: watoto wako, mpwa aliyekuja kutafuta kazi na sasa ana miezi sita, watoto wa jirani wanaoachwa kwako mama yao akiwa zamu, na wageni wa Jumamosi wanaorundika makoti juu ya kitanda chenu. Nyumba zetu ni za kuingia na kutoka, na sherehe ikinoga chumba cha baba ndicho watoto wanachokimbilia kujificha. Mzazi husema bastola iko juu ya kabati na watoto hawajui. Utafiti uliofanyika Alabama na kuchapishwa mwaka 2006 uliwauliza wazazi na watoto kando kando, na karibu wazazi 4 kati ya 10 waliosema kwamba mtoto hajui silaha inapowekwa walipingwa na watoto wao wenyewe. Kuficha, basi, tusikuhesabu kuwa ni kutunza.

Hesabu ya pili ni nzito zaidi, na sisi huikwepa kwa sababu ya aibu. Mwaka 2022 watu zaidi ya 48,000 walikufa kwa risasi Marekani, na zaidi ya 27,000 kati yao walijiua. Mnunuzi anamfikiria mwizi anayevunja dirisha, ilhali mara nyingi anayeifikia silaha ni mtu wa humo humo ndani aliyezidiwa usiku mmoja. Kama nyumbani kuna mtu aliyekata tamaa, aliyefiwa karibuni, anayekunywa kupita kiasi au aliyewahi kutamka kwamba amechoka kuishi, usilete silaha. Kama imo tayari, itoe kwa muda, ukikabidhi kwa ndugu anayeruhusiwa kuwa nayo au kwa duka la silaha linalokubali kutunza, baada ya kuuliza sheria ya jimbo lako inasemaje kuhusu kukabidhiana. Simu ya 988, ya kuwasaidia wanaofikiria kujiua, iliyofunguliwa Julai 2022, hupokewa usiku na mchana na haina malipo.

Upande wa sheria, raia anaweza kununua, mwenye grini kadi, yaani kibali cha ukaaji wa kudumu, anaweza, na mkimbizi au mtu aliyepewa hifadhi anaweza pia, ili mradi hana kizuizi kingine na anaishi kweli katika jimbo husika. Aliyeingia kwa viza ya muda, kama ya masomo au matembezi, amekatazwa na sheria ya shirikisho kuwa na silaha au hata risasi peke yake bila bunduki, isipokuwa kwa sababu chache zilizotajwa, mojawapo ikiwa leseni halali ya uwindaji. Muuzaji mwenye leseni hamuuzii bastola mtu wa chini ya miaka 21, wala bunduki ndefu mtu wa chini ya miaka 18. Aliyetiwa hatiani kwa kumpiga mwenzi wake, hata kama kosa lilihesabiwa dogo, amezuiwa tangu mwaka 1996. Katika Fomu 4473 ya dukani jaza uraia wako kama ulivyo, bila kubahatisha, kwani mkaaji wa kudumu anayejiandika raia wa Marekani anafungua mlango wa kufukuzwa nchini. Usimnunulie ndugu ambaye hawezi kupita ukaguzi: tangu mwaka 2022 kosa hilo lina kifungo cha hadi miaka 15. Kwa asiye raia, kupatikana na hatia ya kosa la silaha kunaweza kuwa tiketi ya kurudishwa alikotoka, kwa hiyo saa moja kwa wakili wa uhamiaji kabla ya kununua si hasara.

Sasa sefu. Bastola inataka kisanduku cha chuma kinachofunguka haraka, na bunduki ndefu inataka kabati la chuma lenye kimo chake. Kabati la kioo linalopendeza sebuleni ni la maonyesho tu. Sefu yangu ya kwanza ilikuwa ya alama za vidole, na niliipenda sana hadi jioni moja nilipotoka kuosha vyombo, vidole vimelainika kwa maji, nikaijaribu mara tano ikawaka taa nyekundu mara tano. Tangu hapo nachagua yenye vitufe, ambavyo mkono huvijua gizani, na yenye ufunguo wa akiba kwa siku betri itakapokufa. Ufunguo huo usitundikwe kwenye ndoano pamoja na wa gari, wala usiwekwe kwenye droo iliyo chini ya sefu, maana hapo utakuwa umefunga mlango na kumwachia mtoto kitasa. Namba za siri zisiwe mwaka wa kuzaliwa wa kifungua mimba wala mwisho wa namba yako ya simu, na zibadilishwe kila unapohisi kwamba kuna macho yaliyokutazama ukibonyeza. Mtoto wa miaka saba anaweza kukariri mfuatano wa vidole kwa kuona mara moja.

Kisanduku kidogo kisichofungwa kwa boliti ni mzigo ulioandaliwa kwa ajili ya mwizi, kwa hiyo kikaze kwenye sakafu, kwenye nguzo ya ukuta au kwenye fremu nzito ya kitanda, na ukiwa mpangaji muulize mwenye nyumba kabla ya kutoboa. Mara moja kwa mwezi zima taa, fumba macho, ukifungue. Kufuli la waya ambalo sheria ya mwaka 2005 inamtaka muuzaji mwenye leseni akupe pamoja na bastola ni nyongeza nzuri, lakini halimzuii mwizi kuondoka nayo nzima. Risasi zikae mahali pengine palipofungwa. Kama umeamua kwamba silaha moja itakaa tayari na risasi, iwe ile tu iliyo ndani ya kisanduku cha kufunguka haraka, na uamuzi huo upitiwe upya kila anapohamia mtu mpya nyumbani.

Ukiwa na picha hiyo ya mahali, kuchagua silaha kunakuwa rahisi kuliko wauzaji wanavyotaka uamini. Shotigani husifiwa kwa kuwa ni ya bei nafuu na ina nguvu, lakini ni ndefu kwa korido za nyumba za kupanga na hupiga bega kwa kishindo. Mtu mwenye mwili mdogo afikirie ile ya geji 20 badala ya 12 (geji ni kipimo cha mtutu, na namba ikiwa kubwa mtutu huwa mwembamba). Wapo wanaodai kwamba marisau, zile gololi ndogo zinazotoka kwenye shotigani, hayapiti ukuta. Marisau makubwa yanayotumika kwa ulinzi hupita kuta za jipsamu, na risasi ya bastola ya milimita 9 hupita vilevile, na upande wa pili wa ukuta huo kuna kitanda cha mtoto wako au cha familia ya jirani. Raifali ni nyepesi kulenga, ila ni ngumu kuitunza mahali padogo na kelele yake ndani ya chumba inaumiza masikio kabisa. Bastola ndiyo inayoingia kwenye kisanduku kidogo, lakini ndiyo ngumu kuliko zote kuipiga sawasawa, na inadai mazoezi ya mara kwa mara. Nenda kwenye uwanja wa shabaha unaokodisha silaha, ujaribu tatu au nne kabla ya kutoa pesa, na mwenzi wako aende pia. Kama hawezi kuikoki kwa mikono yake mwenyewe, au kama mkono wake haufiki vizuri kwenye triga, silaha hiyo si ya nyumba yenu, hata kama wewe umeipenda. Bei na rangi viache mwisho.

Kuna jambo moja ambalo kila mtu mzima wa nyumba inayomiliki bastola alijue hata kama hataigusa maisha yake yote: kutoa magazini, yaani kile kisanduku cha risasi kinachoingia kwenye mpini, hakuiachi bastola tupu. Risasi moja inaweza kuwa imebaki ndani ya chemba, yaani nyuma ya mtutu ambapo risasi hukaa tayari kupigwa, na ajali nyingi za "nilidhani haina kitu" huanzia hapo. Elekeza mtutu mahali ambapo risasi ikitoka haitamfikia mtu, ukikumbuka kwamba sakafu ya ghorofani ni dari ya mtu mwingine. Weka kidole pembeni ya bastola, nje kabisa ya triga. Toa magazini kwanza. Kisha vuta sehemu ya juu nyuma mara kadhaa, uiache wazi, utazame ndani ya chemba na upitishe ncha ya kidole uhakikishe. Mfuatano huu haupinduliwi. Ukianza kwa kuvuta kabla ya kutoa magazini, utatoa risasi moja na kuingiza nyingine bila kujua. Fanya hivyo kila unapoishika, hata kama aliyekupa ameifungua mbele yako sekunde chache zilizopita, na kamwe usiisafishe risasi zikiwa chumba hicho hicho.

Usiku wenyewe upangieni mapema. Familia nyingi zetu zina mtu anayefanya kazi ya zamu, na kijana anayerudi saa tisa usiku kutoka ghalani, akipapasa kitasa kwa sababu amesahau ufunguo, husikika sawasawa na mwizi. Wekeni kanuni ya kupiga simu kabla ya kuingia, taa ya nje inayowaka mtu anapokaribia, na tochi kando ya kitanda, kwa sababu hapaswi kuelekezewa mtutu mtu ambaye hujamwona uso. Mkisikia kitu, kusanyeni watoto katika chumba kimoja, fungeni mlango, pigeni 911, namba ya dharura, na mbaki humo. Kuzunguka nyumba ukitafuta mtu gizani ni kazi ya polisi. Mweleze anayepokea simu kwamba mwenye nyumba ana silaha, umevaa nini na uko chumba gani. Polisi wakifika, silaha iwe imewekwa chini na mikono yako iwe mitupu, inaonekana. Kwa mwanamume mweusi mwenye lafudhi ya kigeni, hili nalisisitiza mara mbili.

Majimbo hayafanani. Texas humshtaki anayemwachia mtoto wa chini ya miaka 17 nafasi ya kufikia silaha yenye risasi. Michigan ilianza kudai kufuli au sefu panapokuwa na watoto Februari 2024. Mwaka huo huo, huko huko Michigan, baba na mama wa kijana aliyewaua wanafunzi wanne katika shule ya sekondari ya Oxford mwaka 2021 walihukumiwa kifungo cha kati ya miaka 10 na 15 kila mmoja. Soma sheria ya jimbo lako, na uisome tena ukihama.

Gari halihesabiwi kuwa sefu, hata likiwa limefungwa milango. Kagua pia kila mfuko wa begi kabla ya safari ya nyumbani, kwa kuwa risasi moja iliyosahauliwa baada ya mazoezi inatosha kukuweka mahabusu katika uwanja wa ndege. Mwisho, piga picha ya namba iliyochongwa kwenye silaha, uihifadhi pamoja na risiti mahali tofauti na sefu, ili ikiibwa uweze kuwapa polisi namba hiyo siku hiyo hiyo.