Pemba hadi Mafia kwa ndege: piga hesabu mwenyewe

Mimi nakata watu tiketi hapa Chake Chake, na siku haipiti bila mtu kuniuliza: "Kutoka hapa mpaka Mafia ni masaa mangapi?" Siku hizi nampa kalamu apige mwenyewe.

Fungua ramani ya simu, bonyeza uwanja wa ndege wa Pemba, usiachie kidole mpaka namba zitoke: kusini 5.26, mashariki 39.81. Uwanja wa Mafia, pale Kilindoni, ni 7.91 na 39.67. Ukizitoa namba kwenye chati badala ya simu, tahadhari: 5°15′ si 5.15, ni 5.25, kwa kuwa digrii moja ina dakika 60.

Sasa toa. Kaskazini kwenda kusini tofauti ni 2.65, zidisha kwa 111 (kilomita za digrii moja), unapata kilomita 294. Mashariki na magharibi tofauti ni 0.14, kama kilomita 15 tu. Sisi tuko karibu na ikweta, digrii ya longitudo nayo inakaribia kilomita 111, kwa hiyo kosini, ile hesabu ya kuipunguza digrii ya longitudo ukiwa mbali na ikweta, waachie wa Ulaya. Tumia Pythagoras wa skuli: zile 15 haziongezi kitu. Andika 295.

Caravan, ile ndege ya injini moja tuliyoizoea, inakwenda kama kilomita 300 kwa saa. Basi ni saa moja, na dakika kumi za kupaa na kutua. Msimu wa kusi, upepo wa kilomita 40 ukiipiga usoni, gawa kwa 260: karibu dakika 70 angani.

Hiyo ni kama ingekwenda moja kwa moja. Safari ninazouza mimi zinapita Unguja (kilomita 125), Dar es Salaam (73), ndipo Mafia (126). Jumla 324. Bi mkubwa mmoja wa Wawi, binti yake kaolewa Kilindoni, alinigombeza: "Mwanangu, mbona wanizungusha?" Nikamwonyesha karatasi: kuzunguka kwenyewe hakufiki kilomita 30, Dar iko njiani. Kinachokula siku ni kukaa chini. Kila kipande kiongezee dakika kumi zake, unapata kama saa moja na nusu ya ndege. Kisha weka kusubiri. Kama tiketi ni za kampuni mbili, mimi siweki chini ya masaa mawili Dar, maana mzigo unauchukua na kuupeleka kupimwa upya. Na ndege hizi kilo mara nyingi ni 15. Halua ya Wete ni nzito, pima nyumbani.

Mwisho soma saa ya tiketi. Imeandikwa 14:30? Punguza sita: saa nane na nusu mchana. Uwanjani fika saa saba.