Jinsi ya kuonyesha bloki za improvu za wanafunzi wako bila watu kuziita viraka

Mwangaluka wadau wa cherehani. Leo naomba niongelee kitu ambacho walimu wa ushonaji tunakikosea sana, kuonyesha kazi za wanafunzi, hasa hizi bloki za improvu ambazo mtu anakata kitambaa kwa jicho tu bila paterni wala rula halafu anaunga vipande kadri moyo unavyomtuma mpaka itoke bloki ya kwilti (kwilti ni lile blanketi la vipande vilivyoungwa, bloki ni mraba wake mmoja). Mi nafundisha hapa Kirumba, Mwanza, kila Jumamosi mchana, barazani, cherehani nne, pasi mbili moja ya umeme na moja ya mkaa maana umeme nao una siku zake, wanafunzi kumi na mbili wakija wote, na hawajawahi kuja wote siku ambayo mvua imenyesha.

Zamani bloki ikitoka tu kwenye pasi naipiga picha naitupia kwenye kundi la Wasapu la kikoba chetu. Siku moja nikaweka ya mama mmoja anayeuza dagaa pale mwaloni, kitambaa cheusi karibu chote halafu kwa chini vipande vidogo vidogo vya njano vimetawanyika, yani niliiona kali kweli. Haijafika dakika tano mtu kaandika "hicho kiraka cha suruali ya nani?", mwingine kacheka, wa tatu kaweka yale mavikatuni ya kulia kwa kicheko, na mwenye bloki yumo humohumo kundini anasoma. Jumamosi iliyofuata hakuja, akasema ana mzigo wa dagaa. Kumbe ile bloki ilikuwa ni karabai za wavuvi usiku, zile taa unaziona kwa mbali ziwani giza likiwa totoro, mtu yeyote aliyekulia huku angeielewa sekunde ileile kama angeambiwa. Sikumwambia mtu. Nilimwingiza mwenzangu uwanjani peke yake tena bila jezi.

Tangu hapo sheria yangu ni kwamba bloki ya improvu haitoki peke yake, zinatoka zote pamoja na kila moja ina maneno ya mwenyewe. Moja ikikaa peke yake watu wanaona kitambaa kimepinda, ila ziwe kumi na mbili ukutani wanaona kabisa kwamba kupinda ni makusudi. Sasa ili zikae pamoja lazima uanze kujiandaa mapema, wakati bado zinashonwa.

Kwanza ukubwa. Nenda duka la hadiwea ununue kigae cha sakafu cha sentimita 30 kwa 30, kimoja tu, usinunue viwili maana vya boksi tofauti vinaweza kupishana milimita na hizo milimita zitakutesa. Kigae kina pembe nzuri, ni kizito hakitelezi, na kwa sisi ambao hatuna zile rula kubwa za plastiki na visu vya duara ndio mkombozi wetu. Bloki ikishapigwa pasi unaiweka mezani, unalaza kigae juu, unaanza kukizungusha pole pole, kushoto kidogo, kulia kidogo, mwache mwanafunzi mwenyewe achague sehemu gani ibaki ndani, maana hapo ndipo bloki nyingi zinapopata uhai, ilikuwa imenyooka unakilaza kigae mshazari na yote inaanza kucheza. Chora pembeni kwa kile kipande chembamba cha sabuni iliyokauka, toa kigae, kata kwa mkasi. Ikiwa kubwa inakatwa, ikiwa ndogo inaongezewa utepe pembeni, hakuna bloki inayorudishwa nyumbani.

Mshono uwe robo inchi, yani kutoka sindano mpaka ukingo wa mguu kwa cherehani nyingi. Hapa wanaonisumbua ni mafundi wazoefu, sio wanaoanza, kwa sababu fundi wa magauni amezoea kuachia nusu inchi au hata zaidi ili mteja akinenepa gauni lifunguliwe, akija kwenye bloki anaachia hivyohivyo na vipande vinaliwa vyote ndani. Wakiachia robo pande zote kila bloki ya kigae inabaki kama sentimita 28.7, kwahiyo tatu kwa nne unapata kama 86 kwa 115, blanketi la mtoto mchanga hilo.

Pili, na hii ndiyo siri ya darasa langu, kila mwanafunzi nampa kipande cha kitambaa kimoja. Wengine wanaleta mabaki yao ya vitenge, mashati ya mtumba, kanga iliyopauka, sawa, wachanganye wanavyotaka, ila kila bloki lazima iwe na kidogo cha kile cha kwangu. Mara ya mwisho kilikuwa marekani, kile kitambaa cha pamba, nyeupe isiyo na ua lolote. Mtu anaweza kuweka utepe mmoja mwembamba tu, mwingine akaifanya nusu ya bloki, haijalishi, zikishakaa ukutani ile nyeupe inatembea kutoka bloki moja kwenda nyingine na zinaonekana ni za familia moja hata kama mmoja katumia kitenge cha tausi na mwenzie kashona mashati ya kazini tupu. Pia jicho linapata mahali pa kupumzika, maana vitenge vyetu vinaongea wote kwa wakati mmoja kama abiria wa daladala.

Kitambaa chenyewe kagua kabla. Chomoa uzi au kata kipande kidogo ukichome, pamba inaungua kama karatasi na kubaki majivu laini, ila ikiyeyuka na kubaki kidonge kigumu hiyo ni poliesta, ukiipigia pasi ya moto sana itajikunja na kuvuta jirani zake. Nyekundu na nyeusi mpya loanisha, kandamiza kwenye kitambaa cheupe, zikiacha rangi zifue mpaka zichoke. Tulikuwa na bloki ya pinki ambayo haikuzaliwa pinki, tuiache hiyo.

Kwenye kushona kwenyewe sitakaa sana, ila kuna mbinu moja inayofanya bloki za wanaoanza zipendeze haraka na haiharibu kipimo. Chukua bloki ambayo imeshamaliza kushonwa, ikate katikati kwa mshazari (najua roho inauma, kata), halafu ingiza utepe wa upana wa inchi 1, unga pande zote mbili. Mshono unakula robo inchi ya bloki huku na robo kule, jumla nusu inchi, na utepe ukishashonwa unabaki unaonekana nusu inchi, kwahiyo ulichopoteza umerudishiwa na upana unabaki uleule. Utatokea kupishana kidogo pale mistari ilipokatwa na hapo ndipo penye utamu. Dada mmoja wa Igoma alifanya hivyo mara tatu kwenye bloki moja ya kijivu na kahawia, akatoka na mawe yaliyopandana kama yale unayoyaona ukiingia mjini, na wala hakuwa amepanga, alikuwa anajaribu tu kuficha sehemu aliyoikosea.

Sasa ukuta. Usibandike kwa gundi wala selotepu. Tafuta blanketi la mtumba la manyoya mafupi, rangi moja, la kijivu au krimu, litundike ukutani kwa misumari juu, bloki za pamba zinang'ang'ania zenyewe ukizigandamiza kwa kiganja, unaweza kuzihamisha mara ishirini bila pini. Pini weka mwishoni mkishakubaliana, pembe mbili za juu zinatosha. Baraza likiwa linatazama ziwa weka pembe zote nne kwa sababu upepo ukianza mchana hauombi ruhusa.

Kupanga tunapanga wote. Mi nakaa nyuma na nimejizuia kusema, na hilo ni gumu kuliko kushona, maana nikisema "hii iende katikati" tayari nimetangaza mshindi. Usipange kutoka nzuri kwenda mbaya na usiweke za mafundi juu na za wanaoanza chini, watu wanajua kusoma ukuta. Wakibishana sana nawaambia pigeni picha mgeuze iwe nyeusi na nyeupe kwenye simu, hapo rangi zinaondoka unabaki mwanga na giza, unaona wazi kwamba bloki tatu nzito zimekaa kona moja na upande wa pili umepwaya. Wanahamisha mbili, wanapiga tena, kimya kinarudi.

Halafu maneno. Kila mtu anaandika kikaratasi chake, na nawaomba vitu vitatu tu: jina la bloki, kitambaa kimetoka wapi, na wapi alikwama. Hicho cha tatu ndio watazamaji wanakipenda zaidi. Mmoja aliandika "hii ni kanga ya mama, nilitaka maneno yake yasomeke yote lakini mkasi uliniponyoka, yamebaki nusu na yamesimama kichwa chini, nikaona yakae hivyohivyo". Watu walisimama pale muda mrefu kuliko kwenye bloki nyingine yoyote, kila mmoja anakisia nusu iliyobaki. Asiyependa kuandika anakwambia unamwandikia, kwa maneno yake, usimpambie.

Na ruhusa jamani, ruhusa. Kabla ya kutoa picha nje ya darasa muulize kila mtu peke yake, sio mbele ya wenzake ambapo ataona aibu kukataa: picha itoke au isitoke, jina liwepo au lisiwepo, sura yako ionekane au mikono tu. Nilisahau mara moja, kumbe bloki ilikuwa ya mto wa zawadi kwa wifi yake na wifi mwenyewe akaiona kwa simu kabla ya sherehe. Alinisamehe, ila ilinigharimu soda za darasa zima.

Picha piga asubuhi kati ya saa mbili na saa nne, kivulini, ukuta upate mwanga wa nje bila jua lenyewe kuugusa. Jua la saa saba linafanya nyeupe iungue na vitenge ving'ae kama vimepakwa mafuta. Zima flashi, futa kioo cha kamera na kanga, washa ile mistari ya gridi, simu isimame sambamba na ukuta kwa urefu wa katikati ya bloki maana ukiiinamisha kigae chako chote ulichohangaika nacho kinatoka kimekaa kama sufuria. Ya kwanza piga ukuta mzima, hiyo ndiyo inayotangulia popote unapoweka. Ndipo zifuate za mojamoja, kila moja na maneno yake chini, na moja au mbili za karibu sana mpaka mshono uonekane. Ukituma Wasapu tuma kama dokyumenti, ukituma kama picha ya kawaida inabanwa na nyuzi zinakuwa uji.

Kuhusu wale wa "kiraka", watakuja tu. Mi siku hizi siwagombezi, nawaambia ndio, ni viraka, halafu nawasimulia wale akina mama weusi wa Gee's Bend, kijiji cha Alabama kule Marekani, walikuwa wakishona makwilti kwa nguo za kazini zilizochakaa ili familia zisipate baridi, wanaunga wanavyoona wenyewe, na mwaka 2002 makwilti yao yakatundikwa makumbusho ya Whitney, New York, na 2006 yakawekwa kwenye stempu za posta za nchi nzima. Kawaida mtu anakaa kimya kidogo, kisha anauliza darasa ni shilingi ngapi.

Watu wakija kuangalia kwa macho waambie waguse, sio kwa mikono iliyotoka kwenye sato lakini, weka ndoo ya maji na sabuni mlangoni. Swali la kuwauliza wageni sio "ipi nzuri", waulize "hii inakukumbusha nini". Yule mama wa dagaa alirudi mwezi uliofuata, nikamwomba ruhusa safari hii, karabai zake tukaziweka safu ya tatu kati ya mawe ya yule dada wa Igoma na bloki ya kijani yenye zambarau ya magugu maji, kikaratasi chake kimeandikwa "giza, mwezi haupo, ndio dagaa wanakamatika". Mzee mmoja mvuvi alisimama akahesabu vipande vya njano kwa kidole, akasema mitumbwi kumi na moja, mmoja umeenda mbali sana huo uitwe urudi. Yule mama akamjibu shikamoo baba, huo ni wa mume wangu, huwa hasikii. Nililiandika hilo nyuma ya kikaratasi, na wewe uwe na kalamu karibu maana maneno ya namna hiyo hayarudi mara mbili.

Mkimaliza, kila bloki irudi kwa mwenyewe na kikaratasi chake kikiwa kimepiniwa kwa nyuma, isipokuwa kama mmekubaliana zote ziungwe blanketi moja, na makubaliano hayo yafanyike kabla mtu hajashona hata mshono wa kwanza sio baada ya bloki kusifiwa. Blanketi la ukutani likung'ute nje na hesabu pini zilizotoka kama zinalingana na zilizoingia, sisi ilipungua moja tukaitafuta kila mahali, akaja kuipata mwanangu usiku kwa kisigino.